Glasi ya Mama Klementina

Nakasanga, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Evodia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nampa Leonsi, utingo wa basi linalotoka Kate, aiache getini kwenu. Akikudai soda usimpe, nimeshampa mahindi ya kuchoma.

Sisi huku tunaamka na kulala, ndivyo naweza kusema. Mvua haikatiki. Mahindi yamenifika magotini na palizi imenielemea, maana shemeji yako siku hizi shambani anaingia kama mgeni, anaangalia na kuondoka. Bertilla ameanza darasa la kwanza, kila siku anarudi na wimbo mpya na tope la zamani. Mama yetu anasema hujamwandikia tangu Krismasi. Mwandikie, hata mistari miwili.

Sasa nikwambie kilichonifanya niazime kalamu ya mtoto.

Tangu tulipomzika mwanetu Felisian, nyumba hii haina maneno. Mganga wa zahanati alisema ni nimonia, na mtoto wa miezi mitano nimonia haimpi nafasi. Shemeji yako Vitus hakubisha mbele yake. Lakini njiani aliniambia mtoto hawezi kucheka jioni, asubuhi akashindwa kuvuta pumzi, bila mkono wa mtu. Mimi nilinyamaza.

Juzi yeye na wenzake wakamleta mtu anayeitwa Modesti, ni wale wafichua wachawi wanaowaita rambaramba. Watu wake waliingia nyumba nne za kuanzia, wakachota maji kwenye mtungi wa kila nyumba, glasi moja moja, wakazipanga mezani uani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akatoa chupa ya dawa, nayo angavu kama maji ya kunywa. Akasema, "Nyumba safi, maji safi. Nyumba yenye mkono mchafu, maji yatasema yenyewe." Akatia kidogo kila glasi.

Ya mwenyekiti ilibaki safi. Ya kwetu ilibaki safi. Ya bibi Silvana iligeuka nyeupe, kama maji uliyonawia mikono yenye unga. Na ya mwisho pia, Evodia. Weupe ulizunguka, halafu ukashuka taratibu ukakaa chini ya glasi, watu wote wanauona. Ile glasi ilikuwa ya Mama Klementina, mama mkwe wangu.

Vitus alitazama glasi, hakumtazama mama yake.

Modesti atarudi tarehe tisa Machi kupima kitongoji kizima, na wale wawili atawarudia hadharani. Maji yakigeuka mara ya pili wanyolewe vichwa, wanyweshwe dawa yake na watoke kijijini. Unajua "kutoka" maana yake nini kwa bibi wa umri ule. Nyumba ya yule bibi wa mwaka juzi, upande wa pili wa bonde, bado ina alama ya moto.

Wewe unasoma kemia. Niambie, maji safi yakikutana na dawa safi, weupe unatoka wapi? Sitaki uniombee, maombi ninayo. Nataka jibu kabla ya tarehe hiyo.

Dada yako,
Avelina


Sumbawanga, 28 Januari 2024

Dada Avelina, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa matroni siku kadhaa, maana huwa anazifungua na kuzisoma. Aliponipa alinitazama sana. Kwa hiyo nikiandika kama nafanya zoezi la darasani, elewa.

Mimi mzima. Baridi ya hapa inaingia hadi kwenye godoro. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, tunasoma mpaka macho yanauma. Mama nimemwandikia, tena kurasa mbili, asikusumbue.

Dada, kabla ya kemia: kwa nini hamuendi polisi? Kazi ya watu hao imepigwa marufuku.

Haya, kemia. Ulichokiona kina jina, ni mashapo. Vitu viwili vimeyeyuka majini, huvioni. Ukivichanganya, vinabadilishana wenzi kama watu kwenye ngoma. Wenzi wapya wakiwa ni wa kuyeyuka, maji yanabaki safi. Wakiwa ni wa kutoyeyuka, wanajitenga na maji, wanakuwa weupe au rangi nyingine, kisha wanatuama chini. Hakuna mkono wa mtu hapo. Sisi tunakariri kanuni za nani anayeyuka na nani hayeyuki, ukizijua unasema jibu kabla ya kumimina.

Kanuni ya kwanza: naitreti zote zinayeyuka. Kanuni nyingine: kloridi zinayeyuka, isipokuwa ya fedha, ya risasi na ya zebaki mojawapo. Chumvi ya jikoni ni kloridi. Kwa hiyo nadhani dawa yake ni naitreti ya fedha, na watu wake wanatupa punje ya chumvi kwenye glasi za wale wanaotaka kuwaonea. Fedha inamkamata kloridi, na wakishikana hawayeyuki. Weupe! Nina uhakika kabisa.

Alama yake ni hii: naitreti ya fedha ikigusa ngozi, ikipata jua inaacha doa jeusi lisilotoka kwa sabuni. Kuna aliyeguswa?

Niandikie na hili: maji yaliyogeuka yalichotwa wapi, na yasiyogeuka wapi?

Na wewe, dada, hujaniambia. Wewe unaamini nini?

Mdogo wako,
Evodia


Nakasanga, 8 Februari 2024

Evodia, marahaba.

Tupo. Bertilla alipata homa, ikapita. Nilikaa naye macho hadi nikasahau jina la siku. Sasa anakula vizuri, anadai ugali wa ulezi tu, wa mahindi anasema "ni wa watu wazima." Palizi nimemaliza upande wa juu.

Polisi umesema. Kituo ni mbali, lakini si umbali unaonizuia. Mwenyekiti ndiye aliyemchinjia Modesti kuku. Aliyemfuata hadi kwake na pikipiki ni Vitus. Nikienda polisi, wa kwanza kufungwa ni baba Bertilla. Katekista nilimwambia, akasema ataliweka kwenye sala. Nikamwambia aliweke na kwenye mdomo wake, siku ile asimame aseme. Akaangalia viatu vyake.

Sasa dawa. Hapa umekosea, mdogo wangu, na usinunue ugomvi. Mimi ndiye niliyesuuza zile glasi, kwa sababu mke wa mwenyekiti aliniita nisaidie. Nilizishika mwenyewe na nilikuwa nimesimama karibu na meza. Hakuna aliyetupa chumvi. Halafu Modesti alipomimina kwenye ya mwisho, tone liliniangukia kidoleni. Ni wiki nyingi sasa, kidole hiki hapa kinakuandikia, hakina doa. Nilichosikia ni utelezi. Niliposugua vidole viliteleza kama vina sabuni.

Ulipouliza maji yalichotwa wapi nilikuona unapoteza muda. Nikaenda kuuliza tu. Kwa mwenyekiti wanachota chemchemi ya bondeni. Sisi chemchemi. Bibi Silvana, bomba la mkono lile lililochimbwa mwaka jana. Mama Klementina, bomba.

Hilo bomba watu wengi walilikimbia. Maji yake sabuni haitoi povu, sufuria inaota ukoko mweupe, na maharage yanachemka siku nzima yanabaki mawe. Wanaolitumia ni wale ambao miguu haiwezi kushuka bondeni na kupanda na ndoo. Maana yake wazee.

Nilisimama pale bombani na ndoo tupu, Evodia, nikakaa muda mrefu.

Vitus haendi tena kwa mama yake. Mama Klementina alituma chakula juzi, viazi na maharage, Vitus akawapa mbwa, Bertilla akiangalia. Mtoto akauliza, "Baba, bibi amekosa nini?"

Jibu upesi.

Avelina


Sumbawanga, 18 Februari 2024

Dada Avelina, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi hadi nimeona aibu. Niliandika "nina uhakika kabisa." Ukweli ni kwamba naitreti ya fedha sijawahi kuiona. Kwenye maabara yetu chupa ipo, ina jina, ndani ni tupu. Mashapo yote ninayoyajua nimeyaona ubaoni, yamechorwa kwa chaki. Sikukuambia kwa sababu mama anapowaambia watu "mwanangu mkemia" napenda kusikia.

Safari hii nimemuuliza mwalimu, nikajifanya ni swali la mtihani. Sikiliza.

Kanuni: kabonati haziyeyuki, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Magadi mnayotia kwenye maharage ni kabonati ya sodiamu, kwa hiyo yanayeyuka, na maji yake yanateleza vidoleni. Umeona? Kitu chenye utelezi ndicho ulichokisikia. Ukiyayeyusha ukayachuja kwa kitambaa unapata maji angavu. Hiyo ndiyo dawa yake, nadhani. Na safari hii naandika "nadhani."

Maji ya bomba yamepita kwenye mawe, yamebeba kalisiamu. Ndiyo inayokataza povu, ndiyo inayoganda kwenye sufuria. Kalisiamu ikikutana na kabonati ya magadi wanabadilishana wenzi, na kabonati ya kalisiamu haiyeyuki. Hiyo ni chaki, dada. Mama Klementina amehukumiwa kwa chaki. Maji ya chemchemi hayana kalisiamu ya kutosha, ndiyo maana ya kwenu yalibaki safi.

Jaribu nyumbani. Yeyusha magadi, chuja, tia kidogo kwenye glasi mbili, moja ya maji ya bomba, moja ya chemchemi. Ya bomba lazima igeuke, ya chemchemi isigeuke. Na ikigeuka, subiri ituame, kamulia limao, usilionee huruma. Itatoa povu na weupe utapotea, maana chaki haistahimili ukali wa limao.

Ikiwa hivyo, fanya jambo dogo tu. Asubuhi ya siku hiyo mwaga maji ya mtungi wa mama mkwe, mjazie ya chemchemi. Basi. Usiseme kwa mtu. Atapita salama.

Hujajibu swali langu.

Evodia


Nakasanga, 27 Februari 2024

Mdogo wangu,

Wote wazima, mama anakusalimu, ng'ombe wa jirani wameingia kwenye maharage, nitakusimulia siku nyingine.

Nimefanya. Vitus alikuwa mashineni anasaga, Bertilla shuleni. Nilichuja magadi kwa kipande cha kanga. Nikaweka ya chemchemi kwanza, kwa sababu niliogopa. Ikatulia. Nikaweka ya bomba. Iligeuka mbele ya macho yangu, ileile, unga uleule unaozunguka na kushuka. Nikaketi chini. Limao nalo lilifanya kama ulivyosema. Lilitaka kukamuliwa sana.

Nikaenda kwa Mama Klementina na ndoo ya chemchemi kichwani, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anachambua mbegu. Akasema, "Kwa hiyo nifiche maji yangu?"

Nikamwambia, "Siyo kuficha, mama. Ni kubadilisha tu, siku moja."

"Nimekunywa maji haya tangu walipochimba. Nikiyaficha, nimekubali yana neno. Na Silvana utamjazia na yeye? Na yule mzee wa kule juu? Hiyo shingo yako ni ya chuma?"

Nilimsihi hadi nikalia. Akanifuta kwa kanga yake, akasema, "Rudi ukapike. Mumeo akikukuta hapa atakupiga." Hajawahi kunipiga Vitus, unajua. Lakini mama yake ndiye aliyelisema hilo.

Basi nimeamua hivi. Maji yake sitayagusa. Nitamwaga ya kwangu. Asubuhi ile mtungi wa nyumba hii, nyumba ya marehemu mtoto, utakuwa na maji ya bomba. Tuone watasema nini glasi ya mama mfiwa ikigeuka. Kisha nitasema mbele yao ipi itageuka na ipi haitageuka kabla hajamimina.

Vitus sijamwambia. Usinijibu kwa kunikataza.

Avelina


Sumbawanga, 5 Machi 2024

Dada, shikamoo. Sina salamu nyingine.

Nakukataza. Usitabiri mbele ya watu! Sisi darasani tukisema jibu kabla ya kumimina tunapewa alama. Huko ukisema kabla ya kumimina watakuuliza umejuaje, na jibu wanalo tayari. Utakuwa umejivisha mwenyewe kanzu ya mchawi. Una Bertilla. Badilisha maji ya mama, hata kwa nguvu, hata akiwa amelala, halafu nyamaza.

Nimemwomba matroni ruhusa ya kupiga simu, amekataa. Nimemlilia, akasema atalifikiria. Barua hii nampa mtu anayekuja Kate leo.

Evodia


Nakasanga, 24 Machi 2024

Mdogo wangu Evodia,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo ni Jumapili ya Matawi, tumetoka kanisani na Bertilla amelala ameshika tawi lake. Mimi niko hai, uanzie hapo. Barua yako ya kunikataza ilifika Jumatatu, basi lilikwama kwenye tope. Jumamosi ile, tarehe tisa, ilikuwa imeshapita. Hata ingefika, Evodia.

Walipanga glasi kwenye mabenchi ya kanisa waliyoyaazima. Uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda juu ya matofali. Modesti akaanza. Nyumba nyingi, safi, safi, watu wanapiga makofi. Bibi Silvana, nyeupe. Alikaa chini kwenye majani akaanza kuvua kilemba mwenyewe, kabla hajaambiwa. Mama Klementina, nyeupe. Yeye alibaki amesimama, kanga yake ya kanisani, mikono nyuma.

Halafu yangu. Nyeupe.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimwona Vitus anasogea mbele, mdomo wazi. Modesti alitetereka kidogo tu, kisha akasema, "Mnaona? Mama mkwe amemrithisha mkamwana. Mtoto walimla pamoja."

Evodia, nilidhani nimejiandaa kwa kila neno. Hilo sikuwa nimejiandaa.

Nilisikia sauti ya mtu inasema, "Glasi inayofuata ni ya chemchemi, haitageuka. Ile ya mzee wa kule juu itageuka, ni ya bomba." Ilikuwa ni sauti yangu. Akamimina, ikawa hivyo. Na uliyoyasema kwenye barua ya kunikataza yakatokea vilevile. Modesti akanielekezea kidole: "Amejuaje? Waulizeni watu wenu, asiye mchawi angejuaje?" Watu wakarudi nyuma, ukabaki uwazi kunizunguka. Kijana mmoja akaokota jiwe. Namjua, mke wake alijifungulia mikononi mwangu.

Nikafungua pindo la kanga nikatoa magadi. Nikamwita mke wa mwenyekiti, nikamwambia, "Dada, haya ni nini?"

Akayachukua akayaonja ulimini. "Magadi. Yangu nimenunua hayahaya."

"Yayeyushe wewe. Chuja wewe. Maji tuma mtu unayemwamini akachote, ya bomba na ya chemchemi. Mimi nafumba macho, sigusi kitu."

Mwenyekiti akasema hakuna haja. Mkewe akamjibu mbele za watu, "Nawe nyamaza, kuku wangu umeshamla." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka siku ile. Akafanya. Nilikuwa nimefumba macho kweli, nikasikia wanawake wanasema "Heee!" kwa pamoja. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe ndiyo ule ukungu wa kwenye sufuria! Ukipika maharage ya bomba na magadi! Jamani, basi mimi nimekuwa mchawi tangu niolewe!" Mwingine akasema, "Wewe ulikuwa mchawi hata kabla." Kicheko kikaenda hadi nyuma.

Modesti alisema magadi ni njia tu, roho ndiyo inayogeuza. Nikatoa na limao pindoni, nikaikamulia glasi ya Mama Klementina, kipande baada ya kipande. Povu likapanda. Weupe ukaisha. Mke wa mwenyekiti akainyanyua glasi juu na kuuliza, "Uchawi gani huu unaotolewa na limao? Basi tumlishe kachumbari." Waliocheka wakazidi waliokasirika, lakini si wote, usidhani. Yule wa jiwe aliliweka chini, hakulitupa mbali. Wapo hadi leo wanaosema nilibadilisha dawa kwa macho. Jana mtu mmoja alimwondoa mtoto wake njiani nilipopita.

Modesti alipanda pikipiki akaondoka. Bibi Silvana tulimvalisha kilemba, analala kwetu mpaka sasa.

Tulipofika nyumbani Vitus alichukua ndoo mbili, akaenda bombani, akashuka chemchemi, akarudi, akachuja magadi yake mwenyewe, akafanya. Akarudia. Akarudia tena, hadi magadi ya kupikia yakaisha. Mwishowe akaniuliza, "Kama si yeye, nani amemchukua mtoto wangu?"

Nikamwambia, "Nimonia, baba Bertilla."

"Nimonia," akasema. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu kaburini. Nilimwacha alie, sikumshika. Nilitaka alie vizuri.

Uliniuliza mara mbili mimi nilikuwa naamini nini. Swali nimelisoma, Evodia. Siyo kwamba barua haikufika.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya shamba Vitus anashuka bondeni, anampelekea mama yake ndoo ya maji ya chemchemi, anaitua mlangoni, anasema shikamoo. Mama Klementina anaitikia marahaba, maana salamu hainyimwi. Kisha anainua ndoo, anamwagia maboga yake maji yote, huku mwanawe anatazama, anamrudishia ndoo tupu, na kuchukua kopo lake kwenda bombani taratibu kwa miguu yake.

Mpaka leo hajaacha kuyamwaga. Na Vitus hajaacha kuchota.

Soma sana, mtihani usikuchanganye. Sisi tupo.

Dada yako anayekupenda,
Avelina